Kaisari Aliyetafuta Amani

Mwaka 1914 sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa chini ya wafalme, na wengi wao walikuwa ndugu. Wilhelm II wa Ujerumani, George V wa Uingereza na mke wa Nicholas II wa Urusi, wote walikuwa wajukuu wa Malkia Victoria. Udugu huo haukuzuia vita. Watoto wa wakulima walipelekwa kuuana kwa mamilioni, na hata huku kwetu Afrika ya Mashariki wapagazi walikufa kwa maelfu katika ugomvi usiokuwa wao.

Miongoni mwa watawala wa vita hiyo yumo mmoja ambaye twapenda familia zetu zimjue. Karl wa Austria alirithi kiti tarehe 21 Novemba 1916, alipofariki Franz Joseph aliyetawala tangu 1848. Alikuwa na miaka 29, mume wa Zita na baba wa watoto wanne. Vita hakuianzisha yeye, aliikuta.

Machi 1917 alimwandikia barua ya siri shemeji yake Sixtus, ndugu wa Zita, ili ifikishwe kwa Serikali ya Ufaransa. Alikubali kwamba Ubelgiji irudishiwe uhuru wake, tena kwamba madai ya Ufaransa juu ya Alsace-Lorraine yalikuwa ya haki. Neno hilo lilikuwa zito mno, maana nchi hiyo ilishikwa na Ujerumani, mwenzake wa vita! Na Papa Benedikto XV alipowasihi wakuu wa mataifa, tarehe 1 Agosti 1917, waweke silaha chini na kupatana, Karl alikuwa mmoja wa wachache waliomwitikia kwa moyo.

Jitihada hizo hazikuzaa kitu. Italia ilidai nchi iliyoahidiwa, Ujerumani haikutaka kuachilia kitu, na kila upande ulitumaini bado kushinda. Kisha Aprili 1918 Clemenceau, Waziri Mkuu wa Ufaransa, aliitangaza barua ile hadharani. Hapo Karl, kwa kuihofia Ujerumani, alikana maneno yake mwenyewe. Hatuoni faida ya kulificha jambo hilo. Wapo waliolitaja ili kumpinga, nasi twakiri kwamba lilikuwa kosa. Lakini ni kosa la mtu aliyejaribu, na wenzake wengi hawakuwa na barua ya amani ya kukana.

Novemba 1918 aliacha shughuli za utawala. Mwaka 1921 alijaribu mara mbili kurudia kiti chake cha Hungaria, akashindwa, akapelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Madeira pamoja na Zita. Fedha zikawaishia. Wakahamia nyumba ya mlimani yenye unyevu na baridi, na huko Karl akashikwa na homa ya mapafu. Alifariki tarehe 1 Aprili 1922, mwenye miaka 34, huku Zita akiwa na mimba ya mtoto wao wa nane. Mjane huyo alivaa nguo nyeusi hadi alipofariki mwaka 1989.

Papa Yohane Paulo II alimtangaza Karl kuwa Mwenye Heri tarehe 3 Oktoba 2004. Sikukuu yake haikuwekwa siku ya kufa kwake, wala ya kutawazwa, bali tarehe 21 Oktoba, siku aliyofunga ndoa na Zita mwaka 1911.