SOMO LA USHIRIKA: HABARI ZA MZIGO NI SAWA NA MZIGO WENYEWE



Kila chama cha wakulima hubeba mizigo miwili. Wa kwanza ni zao lenyewe. Wa pili ni habari za zao hilo: ni la nani, lina uzito gani, ni la daraja gani, limeuzwa kwa bei gani, na mwenyewe amelipwa nini. Gunia likianguka, kila mtu husikia kishindo. Habari ikianguka, hakuna asikiaye. Ndiyo maana wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Leo tuwatazame wenzetu wa Bara, katika kata ya Kanazi, Wilaya ya Bukoba. Wao hawana mikarafuu. Zao lao ni kahawa, nayo huiotesha pamoja na migomba. Lakini wao, kama sisi, huchuma, huanika, kisha hupeleka mizanini. Ushirika wao ni wa siku nyingi. Chama kikuu cha wakulima wa Bukoba kiliundwa mwaka 1950. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vyote vya Bara, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Leo chama kikuu cha upande huo huitwa KCU (1990), na chini yake vipo vyama vya msingi.

Fikiri safari ya kahawa ya mkulima mmoja. Huifikisha katika chama cha msingi ikiwa kavu na ingali na maganda. Karani huipima na kumwandikia stakabadhi. Kahawa ya watu wengi huchanganywa, hupelekwa kiwandani kukobolewa, kisha huuzwa. Tangu hapo hakuna awezaye kunyosha kidole aseme, "Punje hizi ni zangu." Haki yake yote imebaki katika karatasi. Na kwa miaka mingi wakulima wa huko walilipwa mara mbili: malipo ya awali, na nyongeza baada ya kahawa kuuzwa. Asiye na jina daftarini atadai nyongeza kwa ushahidi gani?

Tuchukue mfano wa hesabu. Mkulima amepima kilo 180, karani ameandika 108. Kilo 72 zimepotea, wala hapana mwizi. Ikiwa nyongeza ni shilingi 200 kwa kilo, mtu huyo amekosa shilingi 14,400, mbali na malipo ya awali.

Kosa kama hili hugunduliwaje? Kwa kulinganisha. Kamati na ifanye mambo matatu:

1. Kila jioni, jumla ya stakabadhi ilinganishwe na uzito uliomo ghalani.

2. Uzito uliotoka ghalani ulinganishwe na uliopokewa kiwandani.

3. Kahawa ya maganda ikikobolewa hutoa kama nusu ya uzito wake. Kilo 10,000 zikitoa kilo 4,000 tu, kamati iulize sababu kabla ya kutia sahihi.

Sisi nasi tunacho kipimo cha namna hiyo. Karafuu mbichi kilo 3 hutoa kama kilo 1 ya kavu. Anayeandika uzito wa mbichi kila jioni wakati wa kuwalipa wachumaji anaweza kujua ni kilo ngapi atarajie kutoka jamvini. Asiyeandika atajuaje kama zimepungua kwa jua au kwa mkono wa mtu?

Siku hizi watu wengi hudhani kompyuta itaondoa taabu hii. Huko Bara, Tume ya Maendeleo ya Ushirika inao mfumo wa kompyuta uitwao MUVU, ambao vyama huutumia kuweka habari zao. Ni jambo jema, kwa kuwa msimamizi aliye mbali aweza kuona hesabu bila kungoja barua. Lakini kompyuta haikuwapo mizanini. Ukiipa 108, itatunza 108, tena kwa haraka na kwa maandishi mazuri. Hivyo mizani na karani viwekwe sawa kwanza, mashine ifuate.

Tena habari isiende upande mmoja tu, kutoka kwa mkulima kwenda ofisini. Lazima irudi. Katika Kagera upo ubaya uitwao butura: mkulima mwenye shida ya fedha huuza kahawa ingali mtini kwa bei ya chini mno. Shida ndiyo humsukuma. Lakini asiyejua bei wala siku ya kulipwa hushikwa upesi zaidi na mwenye fedha mkononi. Bei, makato na siku ya malipo vikibandikwa ukutani mapema, mkulima ana sababu ya kungoja. Hata kwetu wapo wanaouza karafuu zingali mtini kwa shida hizo hizo.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Je, mwanachama akileta stakabadhi ya mwaka jana, karani aweza kumwonyesha jina lake daftarini?

2. Nani hulinganisha jumla za kila jioni? Je, ni mtu mwingine, au ni yule yule aliyepima?

3. Karani akiugua kesho, nani mwingine aweza kuyasoma madaftari yake?

Tawi likishindwa kujibu swali lolote kati ya haya, lianze nalo kabla ya msimu wa uchumaji.