SAFARI KWA KARTA: INCHI YA WABASKA



Katika somo la jiografia ya Ulaya tunajifunza mito, milima na makaa ya mawe, lakini watu wanakula nini, hapo kitabu kinanyamaza. Ndiyo sababu sisi wa kalasi ya sita tumetaka kuwapeleka kwa inchi moja ndogo ambayo kwenye karta haina hata rangi yake. Nauli hakuna. Kaa tu pahali pako.

Fungua karta. Pale Ufaransa na Hispania zinapokutana kando ya bahari ya Atlantiki, ndipo Wabaska wanakaa, pande mbili za mupaka: majimbo 3 kwa Ufaransa na majimbo 4 kwa Hispania. Wenyewe wanaita yote jina moja, Euskal Herria. Watu wamoja, mupaka katikati. Sisi wa mashariki ya Kongo hatuna lazima ya kuelezwa zaidi.

Tuanze Bayonne, muji ambapo mito Nive na Adour inakutana. Hapo wanasifu paja la nguruwe. Wanalipaka chumvi, wanalitundika miezi mingi likauke, kisha wanalikula bila kupika, vipande vyembamba kama karatasi. (Tunasikia wengine wakisema: bila kupika! Chumvi na hewa vimekwisha kufanya kazi ya moto.) Ukiendelea kwenye vilima utafika Espelette. Wakati wa mavuno kuta nyeupe za nyumba zinakuwa nyekundu juu ya pilipili iliyofungwa kwa kamba na kutundikwa. Si kali sana. Mutu wa kwetu angeiita mboga. Mbegu yake ilitoka Amerika, sawasawa na mihindi ambayo Wabaska wanasaga na kuchoma mukate wao mwembamba, talo. Kumbe vitu hivi viwili, ambavyo tunasema ni vya babu zetu, ni wageni kwao na kwetu pia.

Sasa tupite mupaka. Toka Hendaye kuko treni ndogo ya kwenda Donostia, ambako Wahispania wanaita San Sebastián. Katika muji ule mutu hakai pahali pamoja kula. Anaingia nyumba ya kwanza, anakula kipande cha mukate chenye samaki ao yai juu yake, kimechomwa kijiti. Kisha anatoka na rafiki zake, wanaingia nyumba ya pili, ya tatu. Chakula kile kinaitwa pintxo. Desturi ya zamani ilikuwa kuhesabu vijiti mwishoni na kulipa. Sisi makapita tunaohesabu sahani za internat tulicheka kidogo hapo.

Tena kuko vyama vya wanaume wapishi, tangu miaka ya 1800. Wanakusanyika, wanapika wenyewe, wanakula, wanagawanya feza iliyotumika. Zamani mwanamuke hakuruhusiwa kuingia jikoni mwao. Wavulana wanaokimbia zamu ya jikoni wasome mustari huu mara mbili.

Na makayabu? Wabaska ni watu wa makayabu hasa. Katika miaka ya 1500 walivuka bahari mpaka Canada kuvua nyangumi na yule samaki ambaye Wafaransa wanaita morue, wakamutia chumvi asioze njiani. Wanamulaza ndani ya maji siku moja ao mbili, kama mama zetu wanavyofanya. Kisha wanamupika polepole na mafuta ya zeituni, vitunguu saumu na pilipili kidogo, wakitikisa chungu bila kuchoka, mpaka ute wa ngozi unachanganyika na mafuta na muchuzi unakuwa muzito. Jina lake ni pil-pil. Wanasema ni sauti ya mafuta yanapochemka, si pilipili yetu.

Lakini mali yao ya kwanza ni luga, euskara. Kifaransa na Kihispania ni ndugu, mama yao Kilatini. Euskara haina ndugu anayejulikana duniani. Ilikuwa pale mbele ya Waroma kufika. Kitabu cha kwanza cha luga ile kilichapwa mwaka 1545. Mwaka 1571 likatoka Agano Jipya kule La Rochelle, kazi ya Joanes Leizarraga, kwa mapenzi ya malkia Muprotestanti, Jeanne d'Albret wa Navarre. Leizarraga alikuta shida: kusema kulibadilika karibu nyumba kwa nyumba. Aandike kama nani? Alitafuta maneno ambayo wengi wangesikia. Soma Biblia yako ya Kiswahili, kisha usikilize Kiswahili cha soko la Bukavu na cha Lubumbashi. Utajua uzito wa kazi ile.

Nyuma yake ikaja haya. Katika shule za upande wa Ufaransa mutoto aliyesema euskara alipewa pete ao kijiti. Ili akiondoe, sharti avizie mwenzake aseme, amupe. Aliyebaki nacho mwishoni ndiye aliyeazibiwa. Baba zetu walikijua kitu kile kwa jina la «symbole». Hispania nako, Franco alipotawala mpaka kufa mwaka 1975, euskara ilifukuzwa shuleni na ofisini. Mwaka 1979 ikakubaliwa kuwa luga ya serikali pamoja na Kihispania katika majimbo 3. Leo watu zaidi ya 700,000 wanaisema.

Sisi makapita ndio tunaopewa kazi ya kuandika majina ya wanaosema luga ya nyumbani kwenye internat. Kwa heshima tunauliza walimu wetu, waongee neno hili katika mukutano wao: orodha ile inakuza Kifaransa chetu, ao inatufundisha kuviziana tu?

Kwa wanaotaka kuanza leo: etxe ni nyumba, na jina Etxeberria ni nyumba mupya. Ukifika kwao watasema ongi etorri, karibu. Wakikupa sahani watasema on egin, ule vizuri. Nawe ujibu eskerrik asko, aksanti sana.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya 6