Homa ya Ini: Mtoto Anaonekana Mzima



Kuna kadi za kliniki zenye chanjo ya wiki ya 6, kisha nafasi tupu. Ukimuuliza mama atakwambia, "Mtoto mzima huyu, hata kikohozi hana." Somo letu la leo linamhusu mtoto huyo mzima.

Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa katika damu. Mama anayevibeba, mara nyingi bila kujua, aweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Mtoto hana joto, macho si ya manjano, ananyonya na kunenepa. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida mwili wake huvishinda. Wanaobaki navyo ni chini ya 5 katika 100. Lakini waliovipata wakati wa kuzaliwa, kama 9 kati ya 10 hubaki navyo. Virusi hulila ini polepole, miaka 20, 30 au zaidi. Ndipo mtu mwenye watoto wa kusomesha anavimba tumbo, anaambiwa ini limesinyaa au lina saratani. Majirani nao wanasema karogwa.

(Tusichanganye na homa ya manjano. Ile huletwa na mbu.)

Kenya iliingiza kinga hii katika sindano ya pamoja ya watoto mwaka 2001: wiki ya 6, 10 na 14. Zote tatu, si moja. Kina mama waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni kwa mpango huo. Kwa hiyo mjamzito aombe kupimwa damu mapema. Akipatikana navyo, Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto achanjwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Hilo azungumze na muuguzi kabla ya uchungu. Si la kuanza kutafuta mtoto ameshazaliwa, huku watu wanangoja feri. Kunyonyesha asiache. Na asitengwe, kwa maana kula sahani moja hakuambukizi. Wembe ndio wa kuogopa: siku ya arobaini, kila mtoto na wembe wake mpya.

Kazi ya kikundi: mkutano ujao, kabla ya kukusanya mchango, kila mwenye mtoto mchanga alete kadi. Wanaojua kusoma wawasaidie wenzao kutazama wiki ya 10 na ya 14. Aliyekosa arudi kliniki. Haanzi upya, anaendelea pale alipoachia.