Ukuta wa Darini: Je, Sheria ya Ulevi Barabarani Ni ya Haki?

"Padre, nilikunywa chupa mbili tatu, nikaendesha pole pole, nikafika nyumbani salama. Nimemkosea nani?" Waseminari wanaojiandaa kusikiliza maungamo watalisikia swali hili, na mara nyingi watalisikia kutoka kwa watu wema. Inafaa tulijibu kwa utulivu, bila kukimbilia kuikemea pombe yenyewe. Kanisa halijaharamisha pombe, na Bwana wetu alikuwa mgeni katika harusi ya Kana.

Tuanze na Torati. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kandokando ya dari, mtu asije akaanguka na nyumba ikabeba hatia ya damu. Nyumba za huko zilikuwa na paa tambarare, na watu walipanda juu kupunga hewa na kulala. Amri hiyo haingoji mtu aanguke, wala haimwulizi mwenye nyumba kama yeye binafsi ana miguu imara. Tusome pia Kutoka 21:28-29. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alijulikana kwa ukali, na mwenyewe alionywa asimfunge, damu ni juu yake. Hatia yake ilianza siku alipoiacha kamba ukutani.

Aliyekunywa akawasha gari ni mwenye ng'ombe aliyeonywa. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba wanaohatarisha usalama wao au wa wengine barabarani, majini au angani, kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi, wana hatia kubwa. Kuhatarisha kunatosha. Fundisho hilo limewekwa chini ya amri ya tano, pamoja na mafundisho juu ya uhai.

Kuna wanaokubali hayo yote lakini wanalalamikia kipimo. Hapa Kenya malalamiko hayo yalifika mahakamani. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 za kileo katika mililita 100 za pumzi, na Desemba 2013 kifaa ambacho kila mtu anakiita Alcoblow kikaanza kutumika barabarani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliona kasoro. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinamwadhibu aliyelewa hata hawezi kulimudu gari, ilhali kanuni zilimhukumu mtu kwa tarakimu. Kanuni haziwezi kwenda kinyume na sheria mama. Wapo walioshangilia kana kwamba kunywa na kuendesha kumehalalishwa. Kifungu cha 44 hakikuguswa, na baadaye vifaa vikarudi barabarani.

Mahakama ilifanya kazi yake ya kulinda sheria iliyoandikwa. Swali la maadili ni jingine: kipi ni cha haki zaidi, tarakimu au uwezo wa dereva? Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba baadhi ya sheria za binadamu ni uamuzi wa kukipa umbo kile ambacho sheria ya maumbile inakisema kwa ujumla, kama fundi anavyoamua nyumba hii iwe na umbo gani. "Usihatarishe uhai wa jirani" ni sheria ya maumbile. Namba 35 ni uamuzi wa fundi. Ni kweli mtu mnene na mtu mwembamba hawalewi sawasawa, na kikomo hakiwezi kumtosha kila mmoja kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Lakini ondoa namba, na kitakachobaki ni jicho la askari, usiku, kando ya barabara. Mnyonge ndiye atakayeumizwa na jicho hilo. Tena pombe huharibu mapema uwezo wa mtu kujipima. Anayesema "sijalewa, nimechangamka tu" huenda anasema kwa moyo mweupe kabisa.

Malalamiko mazito zaidi yanahusu utekelezaji. Kijana wa bodaboda anakamatwa, analala rumande, asubuhi yuko kortini. Mwenye gari kubwa anapiga simu, anamkabidhi askari azungumze na "mkubwa", kisha anafunguliwa njia. Mtakatifu Thoma anasema mizigo ikigawanywa bila usawa sheria huwa si ya haki, hata kama inalenga manufaa ya wote. Lakini tuangalie ukosefu wa usawa unatoka wapi. Hapa umetoka katika mkono wa mtekelezaji, na sheria nzuri iliyotekelezwa vibaya bado inaifunga dhamiri. Mtoto anayevuka barabara hajui nani aliachiliwa jana.

Tunapenda kusoma Kumbukumbu la Torati 16:19, juu ya rushwa inayopofusha macho, kama onyo kwa polisi peke yao. Rushwa ina mikono miwili. Muumini anayetoa "chai" kwenye kizuizi kisha akaendelea na safari yake akiwa amelewa amenunua ruhusa ya kubaki hatari. Na askari aliyepokea amemfungua ng'ombe ambaye alikuwa amekwisha kufungwa.

Hata bila rushwa, faini iliyo sawa kwa wote haiumi sawa. Finland hukadiria faini za makosa kama haya kwa kutazama kipato cha mkosaji. Hilo ni jambo ambalo Wakristo walio bungeni wangeweza kulifikiria.

Na sisi wenyewe? Sherehe ya upadrisho au jubilei ya parokia hupangiwa mahema, kwaya, nyama na vinywaji. Ni kamati ngapi hupanga nani atawarudisha wageni wa mbali usiku, mapadre wakiwemo? Mwenye uwezo ataajiri dereva. Katekista aliyekuja kwa pikipiki kutoka kigangoni hana dereva wa kumwajiri.

Turudi kwenye kitubio. Mtakatifu Thoma anasema ulevi wa hiari haumwondolei mtu hatia ya alichofanya akiwa amelewa, ingawa unaweza kuipunguza, kwa sababu chanzo chake alikitaka mwenyewe. Anayeungama "nililewa" huenda akaishia hapo, akidhani amemaliza. Muungamishi anaweza kumwuliza kwa upole: "Ulirudije nyumbani?" Akijibu kwamba aliendesha, kuna dhambi ya pili ya kuzungumziwa. Akisema alisimamishwa na polisi kisha akaachiliwa, aulizwe aliachiliwaje.