Kompyuta Inapoganda: Toa Mafaili Kwanza, Fundi Baadaye

Kompyuta ya nyumbani ikianza kuganda mara kwa mara, wengi wetu huizima kwa kushikilia kitufe, huiwasha tena, hurudia hivyo siku mbili tatu, kisha huibeba hadi kwa fundi. Fundi naye, bila kuuliza mengi, husema: "Hii tunapiga Windows mpya." Kama tatizo ni virusi au programu zilizorundikana, amepatia. Kama ni diski inayokufa, hakuna ushauri mbaya kuliko huo. Kupiga Windows ni kuandika gigabaiti nyingi kwenye diski iliyochoka, na mara nyingi maandishi hayo mapya hukaa juu ya picha na nyaraka ambazo bado zingeweza kuokolewa.

Kwa hiyo ukishuku tu kwamba ni diski, usingoje uthibitisho. Mafaili yatoke kwanza, uchunguzi ufuate. Diski yenye hitilafu inaweza kuishi miezi sita au isiwake kesho asubuhi, na kila saa unayoitumia kuipima ni saa ambayo ungeitumia kunakili.

Dalili zake zina namna yake. Diski ya kawaida, ile ya kuzunguka, ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake kwa nanomita chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Data imewekwa katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Sekta ikiharibika, diski haikiri kushindwa papo hapo. Inasoma tena, na tena, na tena. Diski za nyumbani zimeundwa ziwe ving'ang'anizi hivyo kwa makusudi, kwa kuwa mtengenezaji anajua huenda huna nakala nyingine. Zile za seva hupewa sekunde chache tu kisha huachia, maana data hiyohiyo ipo kwenye diski jirani. Windows nayo imepangwa kuisubiri diski hadi sekunde 60 kabla ya kuishtua ianze upya.

Ndiyo maana unaona mgando wa ajabu: mshale wa kipanya unatembea, wimbo unaendelea kupiga kwa muda, lakini kila unachobofya hakifunguki. Taa ndogo ya diski imewaka bila kupepesa. Baada ya dakika moja au mbili, vyote ulivyobofya vinafunguka kwa mpigo. Hali hiyo ikijirudia, hasa unapofungua folda fulani ileile, diski iko mashakani. Mgando wa aina nyingine, ambapo mshale wenyewe umekufa na spika inarudia kipande kimoja cha sauti hadi uzime, mara nyingi unatokana na RAM, joto au kadi ya picha.

Inapoganda, vumilia dakika tatu nne kabla ya kushika kitufe. Kuzima kwa nguvu katikati ya kuandika kunaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa. Na ukisikia diski inagonga kwa mpangilio, tki, tki, tki, kisha kimya, kisha inaanza tena, izime na usiiwashe. Hapo vichwa vyenyewe vimeshindwa, na kila mzunguko unaweza kukwaruza sahani. Dawa za mitaani kama kuipigapiga au kuiweka kwenye friza zisahau. Huku pwani, kitu kilichotoka kwenye friza hutoa jasho kwa dakika chache, na maji ndani ya diski ni mwisho wa habari. Kuifungua kwa bisibisi ili "kuiangalia" ni vilevile. Kazi hiyo hufanywa katika chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa kiasi kwamba watu hulipa kwa ajili ya hesabu za kampuni au picha za marehemu, si kwa ajili ya sinema.

Kama haigongi, anza kunakili. Tafuta diski ya nje au flashi yenye nafasi ya kutosha, na kama umeinunua leo, ijaribu kwanza kwenye kompyuta nzima. Sokoni kuna flashi nyingi za bandia zinazojitangaza kuwa na terabaiti 2 ilhali ndani zina gigabaiti chache. Hupokea mafaili yote kwa adabu kisha hazina kitu. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi na kuisoma tena, ikakuambia ukweli.

Usianze na folda kubwa. Anza na vitu vidogo visivyo na mbadala: vyeti vilivyoskaniwa, hati ya kiwanja, utafiti wa chuo, hesabu za duka. Kisha picha. Video ndefu mwisho. Muziki na sinema achana nazo. Kumbuka kwamba kwa watu wengi mali haiko kwenye Documents bali imetapakaa Desktop na Downloads, kwa hiyo pitia huko pia.

Kunakili na kubandika kwa kawaida kuna kasoro: kukifika kwenye faili bovu hukwama hapohapo, nawe unadhani kazi inaendelea. Windows ina amri iitwayo robocopy inayofaa zaidi. Fungua Command Prompt, uandike kwa mfano:

robocopy C:\Users\Amina\Pictures F:\Picha /E /R:1 /W:1

Weka jina la akaunti yako mahali pa Amina, na badala ya F weka herufi ya flashi yako. Kama unatumia OneDrive, huenda folda ya picha imehamia ndani ya folda ya OneDrive, basi angalia njia yake kwanza. Kipande /E kinachukua folda zote za ndani, /R:1 kinaiambia ijaribu tena faili bovu mara moja tu, na /W:1 ingoje sekunde moja kabla ya kujaribu. Usiviache hivyo viwili vya mwisho. Bila hivyo robocopy hurudia faili moja mara milioni 1, ikingoja sekunde 30 kila mara, na ukipiga hesabu utaona ni karibu mwaka mzima kwenye picha moja ya harusi.

Kama Windows yenyewe inaganda kabla hujafika popote, ikwepe. Kwenye kompyuta ya jirani, pakua mfumo endeshi wa Ubuntu na uuweke kwenye flashi ya gigabaiti 8 au zaidi kwa programu ya Rufus. Ichomeke kwenye kompyuta mgonjwa, iwashe huku ukibonyeza F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi au F9 kwenye HP, chagua flashi, kisha chagua kuijaribu Ubuntu bila kuisakinisha. Hapo diski yako inabaki kuwa ghala tu la kusomwa. Haibebi tena mzigo wa kuendesha mfumo mzima. Mara nyingi kompyuta iliyokuwa haifunguki kabisa hutoa mafaili kwa njia hii. Mwenye uzoefu zaidi atumie ddrescue, ambayo hunakili kwanza sehemu nzima za diski na kuzirudia zile mbovu mwishoni. Mimi naiona ndiyo zana bora ya bure kwa kazi hii, ingawa haimsamehe anayekosea jina la diski.

Jambo moja linawashtua wengi. Kompyuta za miaka ya karibuni zenye Windows 11 mara nyingi hufungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, na diski ikisomwa kutoka nje inadai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha kompyuta. Kama ilianzishwa kwa barua pepe ya muuzaji, utafute ufunguo sasa, wakati kompyuta ingali inawaka.

Mafaili yakishatoka, chunguza kwa utulivu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Nenda sehemu ya Performance, bofya diski. Wengi huona asilimia 100 na kuhitimisha kwamba diski imekufa, kumbe asilimia 100 peke yake haithibitishi lolote. Angalia namba mbili nyingine: kasi ya kusoma na kuandika, na muda wa wastani wa kujibu. Diski nzima ya kuzunguka hujibu kwa milisekunde kumi au ishirini hivi inapokuwa na kazi ya kawaida. Ukikuta asilimia 100, kasi iko karibu na sifuri, na muda wa kujibu unahesabiwa kwa maelfu ya milisekunde, huo ni ugonjwa wa diski au wa waya wake. Lakini kasi ikiwa kubwa na RAM imejaa zaidi ya asilimia 90, diski inaonewa tu. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4, Windows mpya na kurasa kumi na tano za Chrome huigeuza diski kuwa RAM ya akiba, na dawa yake ni kuongeza RAM.

Ushahidi mwingine uko Event Viewer, ndani ya Windows Logs, sehemu ya System. Tafuta maonyo yanayotoka kwa "disk". Namba 7 ina maana diski ina sekta mbovu; 153 ina maana amri imebidi irudiwe. Ukiona mlolongo wake saa zilezile kompyuta ilipoganda, huna haja ya mganga.

Kisha pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma S.M.A.R.T., yaani kumbukumbu ambazo diski huziweka kuhusu afya yake yenyewe. Bluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Usiishie kwenye rangi. Soma mistari ya 05, C5 na C6: ya kwanza huhesabu sekta zilizokwisha hamishwa, ya pili zinazosubiri hukumu, ya tatu zilizoshindikana kusomwa. Namba yoyote inayozidi sifuri kwenye C5 au C6 ni ya kuogopa, na ikipanda wiki hadi wiki, agiza diski nyingine. Programu hiyo huonyesha namba kwa mfumo wa heksadesimali usipoibadilisha, kwa hiyo 10 unayoiona hapo ni 16. Mwenye diski ya Seagate asishtuke na namba ndefu kwenye mstari wa 01; ndivyo kampuni hiyo inavyoandika hata kwenye diski mpya.

Mstari wa C7 ni habari njema ukipanda peke yake, kwa sababu kwa kawaida huelekeza kwenye waya. Kwenye kompyuta ya mezani, zima, chomoa umeme, chomoa waya wa SATA na kuurudisha, au weka mwingine. Kwa bei ya waya tu huenda ukawa umemaliza.

Rangi ya bluu isikulaze usingizi. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 na kukuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa hazikuwa zimetoa onyo lolote la S.M.A.R.T. Na SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka wala kugonga, zina tabia ya kuondoka bila kuaga: leo inafanya kazi, kesho kompyuta inasema haioni diski.

Amri ya chkdsk na kile kipande chake /r inapendekezwa kila mahali, na si mbaya. Ila inaisoma diski nzima sekta kwa sekta na kuandika marekebisho juu yake, kazi ya saa nyingi. Iendeshe baada ya kunakili, kamwe si kabla.

Diski ikithibitika mbovu, haitengenezeki. Kompyuta nyingi za mtumba zenye diski ya kuzunguka huwa kama mpya zikiwekewa SSD, hivyo usinunue tena ya kuzunguka kwa ajili ya mfumo. Ukilazimika kununua diski iliyotumika, mwombe muuzaji aichomeke mbele yako na usome mstari wa 09, saa ilizowaka. Mwaka mmoja mfululizo ni saa 8,760, sasa ukikuta 40,000 unajua unauziwa nini. Kinachoua diski mapema majumbani kwetu ni kubeba laptopu huku inawaka, vumbi lililoziba feni, na laptopu zilizokufa betri zinazotumika kwa chaja tu: umeme ukikatika, diski inazimika ghafla katikati ya kazi. Betri mpya ni kinga nzuri, na kwa kompyuta ya mezani ni UPS.

Diski ya zamani irudi nyumbani kwako, isibaki dukani, kwa kuwa nakala ya kitambulisho chako bado imo ndani.

Na kama huwezi kufanya lolote kati ya haya mwenyewe, bado unaweza kufanya moja. Kabla ya kumkabidhi fundi kompyuta, andika kwenye karatasi, uibandike juu ya kifuniko: "Usipige Windows. Usiformati. Toa data kwanza, unipigie." Fundi mzuri hatachukia. Akikuambia hayo si muhimu, chukua kompyuta yako uende kwa mwingine.