Kuchagua Sufuria

Sufuria yetu ya maharage ilipotoboka, mama alinituma dukani hapa Batsinda, Kigali. Nikashika iliyong'aa kuliko zote. Muuzaji, mama mtu mzima, akasema, "Mwanangu, ibonyeze kitako kwa kidole gumba." Ikabonyea! Kitako chembamba hupata moto mahali pamoja tu, kikaunguza chakula na kujipinda.

Tena tazameni masikio: yawe yamekazwa kwa ribiti.

Ziko pia nzito, zilizosubiwa kwa alumini chakavu. Hizo hudumu sana, lakini chakavu huweza kuchanganyika na risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto, na jicho haliioni. Nikachagua ya bamba nene. Ilimaliza fedha zote, hata nauli. Nikarudi kwa miguu.