Nondo za Dirisha, Waya za Darini na Haki Yako

Malipo ya kahawa yakishaingia, mlio wa mashine za kuchomelea husikika katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Kayanga, Omurushaka, Nkwenda hadi Murongo, watu wanamalizia nyumba zao: dari ya jipsamu yenye taa za rangi, vigae vinavyong'aa, nondo nzito kila dirisha. Jasho la msimu mzima linaishia humo ndani, na mara nyingi fundi ndiye anayeachiwa kuamua kila kitu. Mwenye nyumba analipa bila kujua kwamba sheria imempa sauti.

Nianze na nondo. Kuogopa wezi si kosa. Lakini dirisha lililochomelewa pande zote nne halimzuii mwizi peke yake. Moto ukishika sebuleni na mlango wa mbele ukawa haupitiki, waliolala chumbani hawana njia ya pili. Kyerwa inaujua uchungu wa moto wa usiku: Septemba 14, 2020, wanafunzi 10 wa Shule ya Msingi Byamungu Islamic walifariki bweni lao lilipoungua. Mtu aliyeamshwa na moshi hana muda wa kutafuta ufunguo. Mwambie fundi wa kuchomelea kwamba katika kila chumba cha kulala, dirisha moja liwe na nondo za bawaba zinazofunguka kwa ndani, na komeo liwe mahali anapofikia hata mtoto. Nyumba ni yako na fedha ni yako, kwa hiyo usikubali kuambiwa kuwa "haifungwi hivyo".

Umeme ndio unaohitaji umakini zaidi, kwa sababu kosa lake hufichwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 na kanuni zake, anayefunga mfumo wa umeme ndani ya nyumba lazima awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Una haki ya kuomba kuiona, kusoma daraja lake na kuangalia kama haijaisha muda. Fundi mwenye leseni haoni aibu kuitoa. Hatari huja pale mtu anapomtumia fundi huyo ili tu aunganishiwe umeme na shirika la umeme, TANESCO, kisha baadaye anamwita mwingine yeyote aongeze taa za darini na soketi za jikoni. Waya zinaunganishwa kwa utepe, zinalazwa juu ya mbao kavu, jipsamu inafunika kila kitu. Kazi ya nyongeza nayo inataka mwenye leseni. Kabla dari haijafungwa, panda ngazi ukague, kisha piga picha za maungio yote kwa simu yako. Kesho kukitokea hitilafu, picha hizo ni ushahidi.

Ushahidi mwingine ni mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, ila kuyathibitisha ni taabu. Wewe na fundi andikeni karatasi moja: kazi gani, vifaa gani, bei, tarehe ya kumaliza, na sharti kwamba sehemu ya malipo itabaki hadi kazi ikaguliwe. Shahidi awepo, wengi huku huenda kwa mtendaji wa kijiji. Vifaa nunua vyenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS) na udai risiti. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inakulinda unapouziwa kitu kisichofaa kwa kazi uliyomweleza muuzaji, lakini bila risiti utabaki kulalamika barazani.

Wapangaji nao wasinyamaze. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha kuhakikisha kwamba inafaa kuishi binadamu, mwanzo wa upangaji na muda wote wa upangaji. Kama soketi inatoa cheche au ukuta unakupiga shoti, mwandikie barua na ubaki na nakala. Usijitengenezee mwenyewe kwa waya wa kuokota.

Yapo pia mambo ambayo hayana fundi wa kulaumiwa. Baridi ya milimani huwafanya watu waingize jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua waliolala. Kabati refu lisilofungwa ukutani lisikae kando ya kitanda cha mtoto, maana tetemeko la Septemba 10, 2016 lililoua watu 17 mkoani Kagera lilitukumbusha kwamba ardhi yetu hutikisika.

Ukidhulumiwa na fundi, anza na mazungumzo mbele ya shahidi wenu, na yakishindikana, deni la mkataba linaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Malalamiko ya umeme yapeleke TANESCO na EWURA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Asiye na uwezo wa wakili amtafute msaidizi wa kisheria wa wilaya yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua msaidizi huyo. Moto ukitokea, toeni watu kwanza, kisha pigeni 114 ya Zimamoto, ambayo ni bure.

Na fundi anayekataa kuandika jina lake kwenye karatasi ya kazi, usimkabidhi nyumba yako.